Miaka Mitatu ya Visingizio

Mwezi uliopita nilitoa video fupi, dakika moja hivi, kuhusu goli lililookoa kazi ya Alex Ferguson. Hiyo stori mnaijua. Ni Januari 1990, kocha amechoka, timu imechoka, magazeti yashamzika, kisha kijana anaitwa Mark Robins anafunga goli kwa Kombe la FA na kila kitu kinabadilika. Mwanzo nikaweka muziki wa huzuni, mwisho muziki wa kushangilia, nikamalizia na maneno ya kupatia watu moyo: usikate tamaa, goli lako linakuja. Manze, hiyo video ilienda vizuri kuliko zote nilizotoa mwaka huu.

Baba yangu akaiona. Huyu mzee ni K'Ogalo damu, na kwa mpira wa Uingereza ni United. Huwa haongei sana kuhusu kazi yangu, kama naweza kuiita kazi nikiwa mbele yake. Tulikuwa tunakula. Akaweka simu chini, akasema, "Umeeleza vizuri. Lakini umedanganya watu."

Nikamuuliza, "Nimedanganya wapi, baba?"

Akasema, "Kasome."

Kwa nyumba yetu hilo neno ni zito. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na sasa imekuwa miaka mitatu. Basi nikaenda nikasoma. Hii ndiyo niliyopata, na nawaandikia kwa sababu kila wikendi kuna kocha mahali ambaye "anaenda", "ashaenda", "amepewa mechi mbili", na sisi wote tunajifanya tunajua.

Tuanze mwanzo. Ferguson aliingia Old Trafford tarehe 6 Novemba 1986 kuchukua nafasi ya Ron Atkinson. Hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Akiwa Aberdeen, kule Scotland, alivunja utawala wa Celtic na Rangers, na mwaka 1983 akaipiga Real Madrid 2-1 kwa fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya. United nayo ilikuwa imeshinda ligi mara ya mwisho mwaka 1967. Siku anaingia, timu ilikuwa ya pili kutoka mkiani. Mechi yake ya kwanza akapigwa 2-0 na Oxford United. Ndiyo, Oxford.

Msimu huo walimaliza nambari 11. Uliofuata wakamaliza nambari 2, nyuma ya Liverpool, na mashabiki wakasema sasa tumefika. Uliofuata, nambari 11 tena.

Hapa kwetu miaka hiyo hakuna mtu alikuwa anakosa usingizi juu ya United. Mwaka 1987 Gor Mahia walibeba Kombe la Mandela, na mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya imeshinda kombe la CAF. Kwa televisheni wazee walikuwa wanaangalia Football Made in Germany. Mpira wa Uingereza uliwafikia kupitia redio na gazeti. Baba anasema tetesi za wakati huo zilikuwa zinafika zikiwa zimepoa. Unaskia kocha atafutwa, na huko kwao mambo yashabadilika.

Sasa ingia 1989, mwaka wa balaa.

Kwanza, kabla ya msimu kuanza Ferguson aliuza wachezaji waliokuwa vipenzi vya mashabiki. Norman Whiteside akaenda Everton, Paul McGrath akaenda Aston Villa. Miezi michache nyuma Gordon Strachan alikuwa ashaenda Leeds. Whiteside na McGrath walikuwa na majeraha na walikuwa na sifa ya kupenda chupa, na huyu kocha alikuwa ameamua kuvunja ile tabia ya ulevi ndani ya timu. Hesabu yake haikuwa sawa kila mahali: McGrath alikuja kuchaguliwa mchezaji bora wa mwaka na wachezaji wenzake Uingereza mwaka 1993, akiwa Villa. Hiyo sehemu watu wa kuhamasisha huwa hawaitaji. Mimi pia sikuitaja.

Pili, akamwaga pesa. Neil Webb, Mike Phelan, Paul Ince, Danny Wallace, na Gary Pallister aliyegharimu pauni milioni 2.3, pesa ambayo wakati huo ilikuwa rekodi kati ya klabu za Uingereza.

Tatu, klabu yenyewe ilikuwa sokoni. Mfanyabiashara anaitwa Michael Knighton alikuwa amekubaliana na mwenyekiti, Martin Edwards, kuinunua. Tarehe 19 Agosti, kabla ya mechi ya kwanza dhidi ya Arsenal, Knighton akaingia uwanjani amevaa jezi na kuanza kudanadana na mpira mbele ya mashabiki. United wakashinda 4-1. Ilionekana kama sherehe. Kufika Oktoba hiyo biashara ilikuwa imekufa, pesa haikutimia.

Kisha vipigo vikaanza. Tarehe 23 Septemba walienda Maine Road, kwa Manchester City, wakalambwa 5-1. Ferguson mwenyewe amesimulia kwamba alirudi nyumbani akajilaza na kufunika kichwa kwa mto. Mtu ambaye sisi tunamjua kwa kutafuna bigjii na kupigia marefa kelele, alijificha kitandani.

Hapa kuna kitu kilinishangaza. Kocha wa City aliyeshinda ile 5-1 alikuwa Mel Machin. Novemba, miezi miwili tu baadaye, Machin akapigwa kalamu. Msee aliyetandika tano alienda nyumbani, na msee aliyetandikwa tano akabaki. Kama ungeweka mkeka usiku wa ile derby kuhusu nani atatangulia kufutwa, ungeliwa.

Desemba 1989 United hawakushinda mechi hata moja ya ligi. Tarehe 9 Crystal Palace walikuja Old Trafford na kushinda 2-1. Palace hao hao walikuwa wamepigwa 9-0 na Liverpool Septemba. Siku hiyo shabiki mmoja akainua shuka aliyoiandika mwenyewe. Kwa lugha yetu ilikuwa inasema: miaka mitatu ya visingizio na bado ni takataka, kwaheri Fergie. Tarehe 26, Villa, wale waliouziwa McGrath, wakawapiga 3-0.

Kwa hivyo mechi ya Kombe la FA ilipofika, raundi ya tatu, ugenini kwa Nottingham Forest ya Brian Clough, magazeti yalikuwa yameshaandika mwisho wa stori. Akipoteza, anaenda. Bryan Robson, nahodha, alikuwa nje. Webb alikuwa nje tangu Septemba. Ilikuwa Jumapili tarehe 7 Januari 1990, mechi iko moja kwa moja kwa BBC, na Jimmy Hill, mchambuzi, akasema United wanaonekana wameshindwa hata wakipasha misuli tu. Dakika ya 56 Mark Hughes akakunja krosi kwa upande wa nje wa mguu, Robins akaingia na kichwa. 1-0. Ikaisha hivyo.

Kutoka hapo walicheza kila raundi ugenini: Hereford 1-0, Newcastle 3-2, Sheffield United 1-0. Nusu fainali dhidi ya Oldham ikaisha 3-3, ikarudiwa, na Robins tena ndiye akafunga goli la ushindi. Fainali dhidi ya Palace, wale wa shuka, ikaisha 3-3. Mechi ya marudio Ferguson akamweka nje kipa wake Jim Leighton, ambaye alitoka naye Aberdeen, akampa nafasi Les Sealey. Lee Martin akafunga, 1-0, kombe likaja. Kwa ligi walimaliza nambari 13.

Mpaka hapo, video yangu iko sawa. Uongo uko wapi?

Uongo uko kwa neno "lililookoa".

Martin Edwards alisema baadaye kwamba bodi haikuwa na mpango wa kumfuta Ferguson, hata kama wangepoteza kule Forest. Bobby Charlton, aliyekuwa kwenye bodi, naye alisema hawakuwa na shaka naye. Kama hao wawili wanasema kweli, basi goli la Robins lilinyamazisha magazeti lakini halikuokoa kazi ya mtu. Kazi ilikuwa salama. Sisi ndio tulihitaji goli, kwa sababu stori bila goli haina pahali pa kuweka muziki.

Lakini nilipomwambia mzee hivyo, nikidhani nimemaliza assignimenti, akatikisa kichwa. "Walisema lini?"

Walisema baadaye. Baada ya makombe. Na hapo ndipo nikaelewa kwa nini historia ni ngumu. Mtu akishashinda, kila aliyekuwa karibu anakumbuka kwamba alimwamini. Wangeangushwa na Forest, halafu wapigwe mechi nne zingine, bodi ingekaa imara? Hakuna anayeweza kupima hilo. Edwards mwenyewe alikuwa ametoka kuaibika na ile stori ya Knighton. Huenda alimbakisha kocha kwa imani. Huenda alikuwa tu hana nguvu ya kuanza vita vingine. Mimi nadhani vyote viwili vilikuwepo. Kwa hivyo siwezi kuandika "goli liliokoa" na siwezi kuandika "alikuwa salama kabisa". Ninachoweza kuandika ni kwamba tetesi ilikuwa kubwa kuliko uamuzi wowote uliokuwa umefanywa, na kwamba waliofanya uamuzi walikuwa wanaangalia kitu ambacho jedwali la ligi halikionyeshi.

Kitu gani? Watoto.

Ferguson alipofika aliongeza watu wa kusaka vipaji, na akaingia mwenyewe kazini. Kulikuwa na kijana wa Manchester aliyekuwa anafanya mazoezi na City. Tarehe 29 Novemba 1987, siku anatimiza miaka 14, Ferguson alienda kwao nyumbani kumchukua. Huyo ni Ryan Giggs. Siku shuka inainuliwa, Giggs alikuwa amemaliza miaka 16. Paul Scholes alikuwa 15. David Beckham na Gary Neville walikuwa 14. Hakuna hata mmoja angeweza kukusaidia kupiga Palace mwezi huo. Mwaka 1992 vijana wa United walishinda Kombe la FA la vijana, na waliofungwa kwa fainali walikuwa, tena, Palace. Mwaka 1993 ligi ikaja, baada ya miaka 26. Alipostaafu 2013 alikuwa na ligi 13 na makombe 38 kwa jumla.

Kwa hivyo mtu aliyeandika ile shuka hakuwa mjinga. Kila kitu alichokuwa anakiona kilikuwa kweli: miaka mitatu, pesa nyingi, nambari 11. Kile alichokosa kilikuwa kimevaa yunifomu ya shule.

Sasa usikimbie na hiyo ukasema, "Ndiyo maana makocha wapewe muda." Hapo napo kuna shimo, na nilikuwa nataka kuingia mwenyewe. Stori ya Ferguson tunaisimulia kwa sababu iliisha vizuri. Wangapi walipewa muda na haikusaidia? Siku ya kuaga Old Trafford, Mei 2013, aliwaambia mashabiki wasimame na kocha mpya. David Moyes akapewa mkataba wa miaka sita. Machi 2014 shuka ilikuwa imekua ikawa ndege, watu walilipia ndege ikapita juu ya uwanja ikivuta bango la kumkataa. Siku hiyo United walishinda 4-1, na haikusaidia. Tarehe 22 Aprili akafutwa, miezi kumi tu.

Ama Erik ten Hag. Hii mnaikumbuka, mlikuwa na simu mkononi. Mei 2024 kila mtu alikuwa anasema akimaliza fainali ya Kombe la FA anaenda, ashinde asishinde. Akashinda, 2-1 dhidi ya City, magoli ya Garnacho na Mainoo. Hakuenda. Klabu ikamwongezea mkataba mpaka 2026, na watu kama mimi wakakimbia kutoa video za Robins na 1990. Tarehe 28 Oktoba 2024 akapigwa kalamu, timu ikiwa nambari 14. Kama kuna goli limewahi kuokoa kocha, basi pengine ni hayo ya Wembley, na yalimnunulia miezi mitano.

Na Robins mwenyewe? Hii ndiyo sehemu nilimaliza kusoma nikanyamaza. Mwaka 1992 United walimuuza kwa Norwich. Akaja kuwa kocha. Mwaka 2017 alirudi Coventry City mara ya pili wakiwa wanaporomoka kwenda daraja la nne. Akawapandisha 2018, akawapandisha tena 2020, 2023 wakakosa Ligi Kuu kwa penalti tu. Tarehe 21 Aprili 2024, nusu fainali ya Kombe la FA, Coventry dhidi ya United ya Ten Hag. United wakaongoza 3-0. Coventry wakarudisha yote, 3-3. Dakika za mwisho kabisa za muda wa ziada Victor Torp akafunga la nne, Wembley ikalipuka, kisha VAR ikalikataa, eti mguu wa Haji Wright ulikuwa umeotea. Coventry wakatolewa kwa penalti. Yule kijana anayesemekana aliokoa kocha mmoja wa United alibakisha unyayo kumzika mwingine.

Tarehe 7 Novemba 2024, siku kumi baada ya Ten Hag, Coventry wakamfuta Robins. Miaka saba na zaidi ya kuinua klabu kutoka shimoni, na mwanzo mmoja mbaya wa msimu. Hakukuwa na Robins wa kumfungia Robins.

Nilimsomea baba haya yote. Akaskiza mpaka mwisho, na hakusema nimefanya vizuri, si mtindo wake. Akauliza, "Na wewe?"

Nilijua anauliza nini. Kabla sijaacha chuo, mtaani walikuwa washaniachisha. Nilikuwa na deni la karo, nilikuwa naruka madarasa nikishika kamera, na mama mmoja wa ploti yetu alimwambia mama yangu kanisani kwamba nimefukuzwa. Sikuwa nimefukuzwa. Lakini wiki hizo niliona kila mtu ashajua mwisho wangu, nikaona rahisi zaidi ni kuufikia. Huo ndio ubaya wa tetesi ambao hatuuongelei. Mtu akiskia kila siku kwamba anaenda, anaanza kufunga mizigo. Na tangu hapo, kila nikiulizwa, nimekuwa nikitumia Ferguson kama ngao. Nipeni muda. Hata yeye alidharauliwa.

Mzee akaendelea, pole pole tu. "Ferguson wakati anatukanwa, alikuwa na watoto kwa shamba. Wa kwako wako wapi? Kwa sababu kama hawako, hii ni miaka mitatu ya visingizio, na aliyeinua shuka ni mimi."

Usiku huo nilichukua karatasi nikaichora mstari katikati. Upande mmoja, kazi ambayo bado haijaonekana. Upande wa pili, visingizio. Upande wa pili ulijaa haraka: bando ni ghali, simu ni mzee, watu hawapendi vitu virefu, mwaka huu ni mbaya. Upande wa kwanza ulikuwa na mistari mitatu. Daftari la utafiti ambalo nimeanza kujaza kabla ya kurekodi, si baada ya kurekodi. Salio la karo, nililoanza kulipa kidogo kidogo tangu Machi bila kuambia mtu, kwa sababu sijui kama nitarudi na sitaki tetesi. Na watoto wanne wa ploti ninaowafundisha kuhariri video kila Jumamosi, kwa simu yangu hiyo hiyo mzee.

Ile video bado iko. Nimeandika chini yake kwamba neno "lililookoa" si kweli, na kwamba ningesema vingine leo. Watu wachache wamesoma. Sawa tu.

Asubuhi niliacha ile karatasi mezani, sijui kama kwa kusahau ama kwa makusudi. Baba aliiokota akinywa chai. Upande wa visingizio hakuuangalia hata. Akaweka kidole kwa ule mstari wa mwisho, akakaa nacho hapo.

"Hawa watoto wanakuja saa ngapi?"

Nikamwambia saa nne.